Niliyojifunza kwa kufuatilia umri wa sentensi za Kichina

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaokwenda kusoma China ni wengi siku hizi, na wengi wao husomea udaktari, uhandisi au biashara. Wachache hujikuta katika idara za lugha, na wachache zaidi huchagua kuandika tasnifu juu ya sarufi ya kihistoria ya Kichina, yaani namna miundo ya sentensi ilivyogeuka tangu zama za Confucius hadi leo. Nilikuwa mmoja wa hao wa mwisho. Naandika kwa ajili ya atakayefuata njia hiyo, kwa sababu mengi yaliyonigharimu muda, fedha na usingizi hayakuwa magumu kwa asili yake. Yalikuwa mambo ambayo hakuna aliyenieleza mapema, kila mtu akidhani nimeshayajua.

Mada yangu ilikuwa muundo wa bǎ (把). Katika Kichina cha leo yambwa kwa kawaida hukaa baada ya kitenzi: wǒ mài shū, "nauza vitabu". Lakini ukitaka kusema kwamba kitabu fulani, ambacho wewe na msikilizaji wako mnakijua, kimefanyiwa jambo likakamilika, unakitanguliza mbele ya kitenzi na kukitangulizia bǎ: wǒ bǎ shū mài le, "kile kitabu nimekiuza". Sisi tunaotofautisha "nimeuza kitabu" na "nimekiuza kitabu" tunalihisi jambo hili upesi, ingawa mifumo miwili hii hailingani kila mahali. Kinachotusumbua ni sharti jingine: baada ya bǎ kitenzi hakikubali kukaa kikiwa uchi, bali kwa kawaida sharti kifuatwe na kitu kingine, mara nyingi neno linaloonyesha matokeo. Nilitaka kujua sharti hilo lilitoka wapi. Jibu fupi limo katika kila kitabu cha kiada: bǎ ilikuwa kitenzi chenye maana ya kushika, kisha ikapoteza uzito wake ikawa kihusishi. Ni jibu refu ndilo lililonipeleka mbali.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kufaulu HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, hata katika ngazi za juu, hakukuandai kusoma Kichina cha kale. Kile kiitwacho wényán kina msamiati wake, mpangilio wake na viambajengo vyake, na wanafunzi wenzangu Wachina walikuwa wamekisoma tangu shule ya sekondari, wakakariri vifungu vyake mpaka vikawa sehemu ya mazungumzo yao. Katika semina za mwanzo nilikaa kimya kwa aibu, nikiandika kila neno nisilolijua huku mhadhiri akiendelea mbele. Dawa yangu haikutoka katika vitabu vya chuo kikuu. Ilitoka katika vitabu vya kiada vya shule za kati za China, ambavyo ni rahisi kwa bei, vina maelezo chini ya kila ukurasa, na vimepangwa kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Anza navyo kabla ya kuondoka nyumbani. Jifunze pia hanzi, yaani herufi za Kichina, za jadi, kwa sababu matoleo mengi ya kitaalamu ya matini za kale huchapwa kwa hizo, na mtu aliyezoea zile zilizorahisishwa husoma polepole mno kiasi cha kusahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwishoni.

Jambo la pili ni korpasi, yaani hazina ya matini inayotafutika kwa kompyuta. Chuo Kikuu cha Peking kina korpasi kubwa ya Kichina cha sasa na cha kale, na Academia Sinica, taasisi ya utafiti ya Taiwan, ina zake, na ni neema kubwa kuzipata bila malipo. Lakini ukiandika hanzi 把 na kubofya, kinachokujia ni mchanganyiko: bǎ ya kushika, bǎ ya kuhesabia vitu vyenye mpini kama visu na viti, bǎ iliyomo ndani ya huǒbǎ, "mwenge", na katikati ya hayo yote bǎ unayoitafuta. Hakuna kompyuta iliyonipangia. Nilipanga kwa mkono, sentensi kwa sentensi, katika jedwali. Ushauri wangu ni kwamba uchukue kwanza sehemu ndogo ya kila karne, uipange, umwonyeshe msimamizi wako vigezo vyako vya kutofautisha, kisha ndipo uendelee, kwa sababu vigezo hubadilika ukishaona data halisi, na kila vikibadilika unarudi mwanzo wa jedwali.

Sasa nije kwenye kile ninachokiona kuwa kiini cha kazi yote hii, nacho ni tarehe. Korpasi inakuambia kwamba sentensi fulani ni ya karne ya 5 kwa kuwa kitabu chake kilitungwa karne ya 5. Haikuambii kwamba nakala tunayoisoma ilichapwa miaka mia kadhaa baadaye, na kwamba katikati hapo wanakili na wahariri walipita na kalamu zao, wakirekebisha kile kilichosikika kigeni masikioni mwao. Mtaalamu wa Japani Ōta Tatsuo, katika kitabu chake cha sarufi ya kihistoria ya Kichina cha mwaka 1958, alitenganisha matini za aina mbili: zile ambazo maandishi yenyewe yametoka zama zilezile za utunzi, na zile zilizotufikia kupitia mikono ya baadaye. Niliisoma tofauti hiyo mapema nikaipita kama maelezo ya kawaida ya kitabu. Ilipofika zamu ya kuitumia katika jedwali langu, safu nzima za mifano ziliondoka, na sura niliyodhani imekwisha ikabaki mifupa.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tazama historia ya neno shì (是), ambalo leo ni kitenzi kishirikishi, sawa na "ni" yetu. Katika Kichina cha kale shì ilikuwa kionyeshi, "hiki" au "hilo", na sentensi za aina ya "A ni B" zilijengwa bila kitenzi, kwa kuweka yě mwishoni. Katika Mazungumzo ya Confucius imo kauli fù yǔ guì, shì rén zhī suǒ yù yě, ambayo maana yake ni kwamba utajiri na heshima, hivyo ndivyo watu wanavyovitamani. Shì inarudia kilichotajwa, na papo hapo imesimama mahali ambapo kitenzi kishirikishi kingesimama. Ni rahisi kuona namna msikilizaji wa vizazi vya baadaye alivyoweza kuisikia kama "ni". Swali lilikuwa ni lini. Wang Li, mmoja wa waasisi wa fani hii nchini China, alikadiria mwisho wa enzi ya Han ya Magharibi au mwanzo wa Han ya Mashariki, takriban karne ya 1 BK. Kisha mwaka 1973, huko Mawangdui mjini Changsha, likafukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 KK, na ndani yake mkapatikana hariri yenye michoro ya nyota zenye mkia, kila mchoro na maelezo yake. Baadhi ya maelezo hayo yanasema shì shì zhǒu huì. Shì mbili zimefuatana: wengi wanaisoma ya kwanza kuwa "hii" na ya pili kuwa "ni", yaani "hii ni nyota ya fagio". Kipande kimoja cha hariri ambacho hakuna mhariri aliyekigusa kwa zaidi ya miaka elfu mbili kiliirudisha nyuma tarehe iliyokuwa imejengwa juu ya vitabu vingi vilivyonakiliwa na kunakiliwa tena.

Kwa zama za Tang (618–907), Mawangdui yangu ilikuwa Dunhuang, mji wa kaskazini-magharibi mwa China. Mwaka 1900 mtawa wa Kidao aitwaye Wang Yuanlu aligundua pango lililozibwa likiwa limejaa miswada. Mpelelezi wa Uingereza Aurel Stein alifika mwaka 1907 na Mfaransa Paul Pelliot mwaka 1908, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya karatasi hizo ipo London na Paris. Miongoni mwake zimo hadithi ziitwazo biànwén, zilizoandikwa kwa mtindo ulio karibu na usemi wa kawaida kuliko maandishi ya wasomi. Picha za miswada mingi zinaonekana bure mtandaoni, nami nasisitiza: zifungue. Usitosheke na toleo lililochapwa. Katika miswada ya Dunhuang alama ya mkono na alama ya mti zinazotokea upande wa kushoto wa hanzi huchanganywa mara kwa mara, hata 把 huonekana imeandikwa 杷, na mhariri wa kisasa huisahihisha, wakati mwingine kwa maelezo pembeni na wakati mwingine bila hata kusema. Nilitumia majioni mengi nikiwa nimeikuza picha moja mpaka nyuzi za karatasi zikaonekana, nikijaribu kuamua kama mstari ule mfupi ni ncha ya mkono au tawi la mti. Kazi hiyo inachosha macho, lakini ndiyo iliyonipa ujasiri wa kujibu maswali mbele ya watahini.

Ushairi nao una faida yake, kwa kuwa mizani na vina humzuia mnakili asichezee sana maneno. Mistari miwili ya zama za Tang ilinionyesha mabadiliko ya bǎ kuliko nadharia yoyote. Wa kwanza ni wa Du Fu, aliyeishi kati ya 712 na 770, katika shairi la sikukuu ya tarehe tisa mwezi wa tisa, siku ambayo watu walijipamba kwa matawi ya mti uitwao zhūyú: zuì bǎ zhūyú zǐxì kàn. Unaweza kuusoma hivi: "katika ulevi nimeshika tawi la zhūyú, nalitazama kwa makini". Unaweza pia kuusoma hivi: "katika ulevi nalitazama kwa makini tawi la zhūyú", na bǎ isiwe na kazi nyingine ila kulitanguliza tawi. Tawi linashikika, na aliyelishika ndiye anayelitazama. Hakuna kitu katika mstari kinachokulazimisha kuchagua. Wa pili ni wa Bai Juyi, aliyekuwa gavana wa Hangzhou kuanzia mwaka 822, akimtania mlevi mmoja: mò bǎ Hángzhōu cìshǐ qī, "usimwonee gavana wa Hangzhou". Hapa mlango wa kwanza, ule wa kushika, umefungwa. Hakuna anayemshika gavana mkononi ndipo amwonee. Bǎ imeshakuwa chombo cha sarufi.

Nilikuwa nimeanza tasnifu kwa kutafuta mfano wa kwanza kabisa wa bǎ mpya, kama mtu anayetafuta cheti cha kuzaliwa. Msimamizi wangu aliniachia nihangaike kidogo, kisha akaniuliza swali moja: mwandishi wa huo mfano wa kwanza alijifunza wapi kuusema? Ndipo nikaelewa kwamba mfano wa kwanza usio na utata ni ushahidi kwamba mabadiliko yalikwisha kutokea vichwani mwa watu, na kwamba chimbuko lenyewe limo katika sentensi za aina ya Du Fu, ambazo msemaji na msikilizaji wanaweza kuzielewa kwa njia mbili tofauti na bado wakaelewana. Tangu hapo safu muhimu kuliko zote katika jedwali langu ikawa ile ya sentensi zenye utata, zile ambazo mwanzoni nilizitupa kwa kuwa hazikunipa jibu. Na lile sharti la matokeo lililonisumbua nililiona likikua taratibu: katika mashairi ya Tang kitenzi kinachofuata bǎ mara nyingi ni kifupi, kimesimama peke yake mwishoni mwa mstari, ilhali katika maandishi ya karne zilizofuata kinazidi kuongezewa mkia.

Kitu kingine ambacho vitabu vya kiada hukipita haraka ni kwamba muundo mpya hauui ule wa zamani. Kabla bǎ haijashika nafasi, kazi hiyohiyo ilifanywa na jiāng (将), kitenzi cha zamani chenye maana ya kuongoza au kuchukua, na kwa muda mrefu yote mawili yalitumika bega kwa bega. Jiāng haikufa. Ipo katika matangazo ya majengo na vyombo vya usafiri, ambako utaombwa "qǐng jiāng" hiki na kile, kwa sauti rasmi ambayo bǎ haina. Katika Kikantoni, neno hilohilo, likitamkwa zoeng, ndilo linalotumika kwa muundo huu hadi leo, na lugha za Min za kusini zina ka, yenye asili tofauti kabisa. Kama una rafiki kutoka Guangdong au Fujian, mwalike chai na umwulize nyumbani kwao wanasemaje. Alasiri moja ya namna hiyo itakufunulia mambo ambayo maktaba imeyaficha.

Nilipofika kwenye sura ya kulinganisha, nilipata furaha ambayo sikuitarajia. Kiambishi le (了), kinachoonyesha kwamba tendo limekamilika, kilitokana na kitenzi liǎo, "kwisha". Katika matini za zama za kati liǎo hukaa mwisho kabisa, baada ya yambwa: zuò cǐ yǔ liǎo, yaani amesema neno hili, kwisha. Mwanaisimu Mei Tsu-lin alionyesha mwaka 1981 kwamba mpangilio huo ulikuwapo tayari kwa vitenzi vingine vyenye maana ya kumaliza, liǎo ikavirithi, kisha kuelekea mwisho wa Tang na zama zilizofuata ikasogea ikajibanza kwenye kitenzi, mbele ya yambwa, ikapoteza toni yake na kuwa le. Basi na sisi tumefanya nini na "nimekwisha kula"? Imekuwa "nimeshakula", kisha "nishakula", na kitenzi kizima kimebaki silabi moja. Hata -me- yenyewe wataalamu wa lugha za Kibantu huinasibisha na kitenzi cha zamani cha kumaliza, kile kilichobaki katika lugha nyingi za jirani kwa umbo la -mala. Niliandika kurasa nyingi kwa shauku. Msimamizi alizipunguza zikawa aya chache, akasema kwamba Kiswahili kinaweza kuonyesha kuwa njia hiyo inapitika, lakini hakiwezi kuthibitisha kuwa Kichina kiliipita. Niliudhika siku ile. Hata hivyo alikuwa na haki, na mwanafunzi yeyote anayetoka kwetu atakutana na kishawishi hichohicho, maana ulinganisho huo ni mtamu na Wachina wenyewe huupenda wakiusikia. Wazo lenyewe si la jana: Zhou Boqi, msomi wa karne ya 14, aliandika kwamba maneno matupu (yenye kazi ya kisarufi tu) ya siku zake yote yalikuwa maneno yaliyojaa (yenye maana kamili) hapo kale, karne nyingi kabla mwanaisimu Mfaransa Antoine Meillet, mwaka 1912, hajaipa dhana hiyo jina inalojulikana nalo leo katika isimu.

Tahadhari nyingine inahusu wageni ndani ya lugha. Si kila badiliko lililoanza nyumbani lilidumu, na si kila lililodumu lilianza nyumbani. Kuna kitabu cha Wakorea cha kujifunzia Kichina, Laoqida, ambacho nakala yenye lugha ya zama za Yuan ilipatikana Daegu, Korea Kusini, mwaka 1998. Humo mfanyabiashara wa Korea anasifiwa kwa kusema Kichina vizuri, na sentensi yenyewe inakwenda hàn ér yányǔ shuō de hǎo yǒu: lugha imetangulia kitenzi, na mwishoni kabisa limebandikwa yǒu lisilo na kazi katika Kichina cha leo. Wamongolia ndio waliotawala, na lugha yao huweka kitenzi mwishoni. Wataalamu wengi wanauona mkono wao hapo. Kitabu kilirekebishwa karne kwa karne kwa sababu wanafunzi walihitaji lugha ya siku zao, na katika matoleo ya baadaye yǒu ile imeondolewa. Ukipata matini ya namna hii, iliyoandikwa upya mara kadhaa juu ya jambo lilelile, ing'ang'anie, kwa maana inakupa sentensi moja katika mavazi ya karne tofauti.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Ufadhili wa serikali ya China ulinipa yuani 3,000 kwa mwezi kama mwanafunzi wa uzamili, kiasi kinachotosha kula na kuishi bwenini, lakini hakitoshi kununua matoleo makubwa ya matini za kale. Tumia maktaba, nunua vitabu vilivyotumika, na utenge akiba ya muhula mmoja zaidi, kwa sababu kazi ya kupanga mifano kwa mkono haiheshimu kalenda na ufadhili hukoma tarehe iliyoandikwa. Likizo ya Sikukuu ya Machipuko, wakati bweni linabaki tupu na maduka yamefungwa, ndiyo iliyokuwa ngumu kwangu kuliko mtihani wowote. Panga mapema mahali pa kwenda.

Sikuweka bèi (被), neno linaloonyesha kutendwa, katika tasnifu, lakini ndiyo ninayoifuatilia sasa. Mwanzo wake ni kitenzi cha kufunikwa na kupatwa na jambo, na katika kumbukumbu za mwanahistoria Sima Qian, mwanzoni mwa karne ya 1 KK, mshairi Qu Yuan ni mtiifu lakini bèi bàng, amesingiziwa. Kwa karne nyingi ilibaki upande wa balaa: kupigwa, kuibiwa, kukaripiwa. Katika karne ya 20 tafsiri kutoka lugha za Ulaya ziliizoesha pia mambo mema, kama kuchaguliwa kushika wadhifa. Kisha mwaka 2009 wahitimu wa vyuo wakaanza kulalamika kwamba bèi jiùyè: jiùyè ni kupata kazi, kitenzi ambacho kwa sarufi ya kawaida hakitendwi, na maana ya maneno hayo ni kwamba mtu ameandikwa kuwa ameajiriwa, ili takwimu zipendeze, ilhali yuko nyumbani hana kazi. Hanzi ya bèi ikachaguliwa kuwa hanzi ya mwaka huo nchini China.

Badiliko la aina hii linakusanywa sasa au halikusanywi kamwe, na simu inatosha. Mimi huandika kwanza tarehe, mji na aina ya mahali, kisha umri wa msemaji kwa makadirio, na mwisho sentensi yenyewe kama ilivyotamkwa, bila kuisahihisha. Kama ni tangazo la ukutani hulipiga picha zima wala si mstari mmoja, kwa sababu mara nyingi ni mstari wa pili unaoeleza kwa nini aliyeliandika alichagua bèi mahali ambapo bǎ au jiāng ingefaa vilevile.